Minyororo ya kufungia mashine kwenye lobedi: anza na kikazio

Tangu ujenzi wa reli ya kisasa ufike kwetu Tabora, lobedi, yale matrela ya chini ya kubebea mashine nzito, hazikauki barabarani. Leo kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kinapelekwa Urambo, kesho greda inashushwa Uvinza. Na madereva wanaoniandikia wana lalamiko moja: "Dada, nimekaza minyororo hapa Ipuli mpaka ikalia, nafika Kaliua nakuta umelegea mmoja. Mnyororo mbovu?"

Mara nyingi mnyororo hauna kosa. Kosa ni kikazio, kile chuma cha katikati chenye mpini na parafujo mbili zinazovutana. Watu wakienda dukani wanapima unene wa pete, wanauliza urefu, wanabishana bei. Kikazio wanaongezewa kama kifuko cha kubebea.

Kikazio kina mambo mawili yanayofichika. La kwanza ni kizuizi cha mwisho wa parafujo. Kisipokuwepo, utingo anafungua parafujo ili ifikie mnyororo, anaifungua mno, halafu inabaki imeshikwa na thredi (meno ya parafujo) mbili tatu ndani ya ganda, ile bomba ya katikati inayozungushwa. Kwa nje inaonekana imekaza vizuri kabisa. Ukikutana na mchepuko wa vumbi wenye matuta, thredi zile chache ndizo zinabeba mashine nzima. La pili ni kifungio cha kuzuia ganda lisijizungushe lenyewe kwa mtikisiko. Vikazio vingi vya bei poa havina. Kiwango cha Ulaya cha minyororo ya kufungia mizigo, EN 12195-3, kinataka kikazio kisifunguke chenyewe, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba hayo ni mapambo.

Jaribu hivi ukiwa bado dukani: shika kikazio, fungua parafujo zote mbili kwa mkono hadi mwisho. Zikigoma kutoka, endelea na mazungumzo. Ikichomoka hata moja, kikazio hicho kirudishe mezani. Halafu tafuta pini au kijinyororo kinachobana mpini, ukifunge, ulizungushe ganda kwa nguvu; lisizunguke.

Chaguo langu la kwanza ni RUD, ile minyororo ya rangi ya waridi kutoka Aalen, Ujerumani, kampuni iliyoanza mwaka 1875. Naipenda na sifichi. Daraja lake la nguvu ya chuma ni 120, hivyo mnyororo wa milimita 10 una LC (uwezo wake wa kufungia mzigo) ya daN 10,000, yaani kama tani 10 kwa mvuto ulionyooka. Wa daraja la 8 (yaani 80) ili ufike hapo lazima uwe wa milimita 13, na kila mita ina karibu kilo 3.8 dhidi ya kilo 2 na kitu. Muulize utingo anayeiburuta mara mbili kwa siku juani. Na kikazio chake kimetengenezwa na watu walewale, kwa mnyororo uleule. Bei inauma, tena inabidi uagize Dar, lakini mwenye kijiko cha mamilioni asilie kwa hilo.

Ya pili ni daraja la 8 la kiwanda chochote kinachojulikana, mradi alama ya daraja imegongwa kwenye pete zenyewe na kibati cha LC kinaning'inia. Milimita 10 ni daN 6,300, milimita 13 ni daN 10,000. Hapa fanya hesabu. Kiwango kingine cha Ulaya, EN 12195-1, kinataka mzigo uzuiwe kwenda mbele kwa asilimia 80 ya uzito wake, na pembeni au nyuma kwa asilimia 50. Kijiko cha tani 22 dereva akikanyaga breki kinasukuma mbele kama tani 17.6. Minyororo miwili ya milimita 10 inayovuta kuelekea nyuma peke yake haitoshi, na ikikaa kwa pembe ndiyo inapungua zaidi. Kwa tani 22 nunua ya 13. Ya 10 iwekee mashine ndogo ya tani 8.

Ya tatu ni ile ya Kimarekani ya rangi ya dhahabu, daraja la 70. Ya inchi 3/8 ina mzigo wa kazi wa pauni 6,600, karibu tani 3. Ni mnyororo mzuri, ila mara nyingi unauzwa na kikazio cha wenzo, na wenzo ule ukimponyoka mtu unarudi na nguvu zote usoni. Uchukue mnyororo, kikazio tafuta cha parafujo. Kwao sheria inataka mashine ya pauni 10,000, kama tani 4.5, au zaidi ifungwe sehemu nne au zaidi, na bakuli la kuchotea udongo na mkono wake vishushwe na kufungwa pia.

Mikanda ya racheti: iwe ya kubana bakuli tu. "Tani 5" iliyoandikwa kwa kawaida ni ya mkanda uliozungushwa kwenye mzigo ukarudi. Ukiivuta moja kwa moja ni tani 2.5. Kamba za nailoni na waya, hapana.

Sasa wauzaji. Wanakata mnyororo kwa mita kutoka kwenye roli moja, kibati kinabaki dukani, mteja anaondoka na chuma kisicho na jina. Wengine wanapaka rangi ya dhahabu chuma laini cha kufungia geti. Kikazio cha milimita 8 wanakiuza na mnyororo wa 13, eti "kinaingia". Na ukiingia umevaa rifleksa ya mradi, bei inapanda hapohapo mbele ya macho yako. Hili linanikera kuliko yote, kwa sababu anayelipishwa ni dereva aliyetumwa na pesa kamili, na akikosa cha kuongeza anaambiwa achukue cha bei ya chini. Mwenye mashine, nenda mwenyewe dukani, au mwandikie dereva kwenye karatasi: daraja, milimita, LC, kizuizi cha parafujo, kifungio. Muuzaji asiyeruhusu kikazio kifunguliwe hadi mwisho kabla ya malipo, usimpe hela yako.