Gitaa la umeme: tazama shingo kwanza, jina baadaye

Mtu akiingia dukani kutafuta gitaa la umeme, jicho hukimbilia rangi na jina lililoandikwa kichwani. Mimi naomba uligeuze. Tazama shingo inapokutana na mwili, maana hapo ndipo utakapojua fundi atakutoza nini siku likisumbua.

Ukiona skurubu nne, hiyo ni shingo ya kufungwa. Kampuni ya Fender walianza nayo mwaka 1950 kwenye gitaa ambalo baadaye liliitwa Telecaster. Mwanzilishi wake, aliyeitwa Leo Fender, alikuwa fundi wa redio, tena hakujua kupiga gitaa. Alitaka kitu kinachofunguka kikatengenezeka. Niliwahi kumtazama fundi akilegeza skurubu hizo, akapenyeza kipande cha kadi upande wa ndani wa tundu la shingo, akakaza. Nyuzi zilizokuwa zimeinuka mno zikalala mahali pake. Kazi ya nusu saa tu.

Kwa hiyo chaguo langu la kwanza ni Yamaha Pacifica 112. Shingo ni ya skurubu, na ina vinasa sauti (sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi) viwili vya koili moja pamoja na kimoja kinene cha koili mbili karibu na daraja, pale nyuzi zinapokaa mwilini. Utapiga solo safi ya dansi, na ukitaka sauti nzito ya roki unayo. La pili ni Telecaster ya Squier, jina la bei nafuu la Fender. Haina mambo mengi, na kwa mpiga rithimu sauti yake inayokata inapenya hata tarumbeta zikiwa zimepamba moto.

La tatu ni Les Paul ya Epiphone, kampuni iliyo chini ya kampuni ya Gibson tangu 1957. Hapa shingo imegandishwa kwa gundi. Nyuzi zake ni fupi, milimita 628 hivi dhidi ya 648 za Fender, kwa hiyo ni laini zaidi vidoleni. Sauti ni nene na tamu, nakiri naipenda. Lakini ni zito begani, na kichwa kimelala nyuma: likianguka chali, huvunjika karibu na kichwa. Ukinunua la mtumba, pitisha kucha nyuma ya shingo hapo. Ukihisi mstari kwenye vanishi, liliwahi kuvunjika. Likiungwa vizuri linadumu, ila bei lazima ishuke.

Ibanez RG naiweka ya nne: shingo nyembamba, freti (vyuma vinavyokatiza shingo) 24, raha kwa wenye vidole vya kasi. Chukua yenye daraja lisilotembea. Daraja linaloelea hushikiliwa na mvutano wa nyuzi zenyewe na springi: uzi mmoja ukikatika katikati ya wimbo, nyingine zote zinapoteza sauti zake sahihi.

Shingo inayopita mwilini mzima, kama ya Gibson Firebird ya 1963, iache kwa sasa. Mkono unateleza vizuri hadi freti za mwisho, lakini shingo ikipinda vibaya huna ya kubadilisha. Wanaosema sauti yake inadumu zaidi, sikio langu halijaona tofauti ya kulipia.

Kabla ya kutoa pesa, bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na pale shingo inapoingia mwilini. Katikati pabaki nafasi ndogo, kama unene wa kadi. Ikizidi, mwambie muuzaji akaze chuma kilicho ndani ya shingo mbele yako. Kisipozunguka, lirudishe ukutani.