PBS kwa wahudumu wa ndege: hodari kwa siku za mapumziko, goigoi kwa nafasi za kabini

Mhudumu anayehamia shirika linalogawa kazi kwa PBS (Preferential Bidding System, mfumo wa kugawa safari kwa kufuata matakwa ya kila mtu) hachagui tena rosta iliyokwisha kupangwa. Utaratibu wa zamani ulikuwa ofisi ya ratiba kutengeneza rosta kamili za mwezi, kuzitangaza, na wahudumu kuzichukua kwa zamu, mkongwe kwanza. PBS imeuvunja huo. Ofisi inatoa mizunguko tu, yaani safari zinazoanza na kuishia kituo chako cha kazi, ziwe za siku 1 au 4. Kila mtu anaandika anachotaka na asichotaka, kisha kompyuta inamjengea rosta yake peke yake.

Programu zinazojulikana zaidi ni ya NAVBLUE, iliyozaliwa mwaka 2016 baada ya Airbus kuinunua Navtech. Ya Jeppesen, iliyoichukua Carmen Systems ya Uswidi mwaka 2006. Na ya AD OPT ya Montréal. Kuna mashirika yanayotumia alama, ambapo unagawanya pointi zako kwenye matakwa, na kuna yanayotumia mistari ya maombi iliyopangwa kwa mfuatano na namba ya ukongwe. Tathmini hii ni ya aina ya pili. Skrini yenyewe ina maneno ya Kiingereza, Award, Avoid na Prefer Off. Hapa tutaziita amri za Gawa, Epuka na Pumzisha.

Tuanze na sifa, kwa sababu zipo. Kwenye siku za mapumziko PBS haina mpinzani. Rosta za zamani zilikulazimisha kuchukua mapumziko ya tarehe 12 pamoja na safari za alfajiri usizozitaka, kwa kuwa vyote vilikuja kwenye rosta moja. Sasa unaandika Pumzisha tarehe 12 hadi 14, na safari unazipanga kivyake. Likizo, mafunzo na mizunguko inayovuka mwezi vinawekwa kwenye kalenda yako kabla injini, yaani programu inayojenga rosta, haijaanza kugawa, na saa zake za malipo zinahesabiwa. Sheria nazo zimo ndani. Kwa mashirika ya Ulaya injini haitakupa zaidi ya saa 100 za kuruka ndani ya siku 28 mfululizo wala zaidi ya 900 kwa mwaka wa kalenda. Kwa Marekani inalinda saa 10 mfululizo za mapumziko baada ya zamu isiyozidi saa 14, kama kanuni ya mwaka 2022 inavyodai. Kabla ya hapo zilikuwa 9, na ziliweza kushushwa hadi 8. Kwa hiyo usipoteze mistari kuomba kile ambacho sheria inakupa bure. Mstari wa "epuka mapumziko chini ya saa 10" ni takataka tu kwenye fomu. Ukitaka 14, hapo andika.

Sasa namna inavyofanya kazi, maana malalamiko mengi yanatokana na kutolijua hili. Injini inaanza na aliye juu kwenye orodha ya ukongwe, inammaliza, inashuka kwa anayefuata. Ikifika kwako, inasoma mistari yako kutoka juu kwenda chini. Pumzisha inafunga siku. Epuka inaondoa mizunguko kwenye kapu la ile inayoweza kugawiwa, ila kwa mistari iliyo chini yake tu. Gawa inachukua kutoka kwenye kilichobaki. Ukiweka Epuka safari za alfajiri chini ya Gawa safari za Lisbon, basi safari ya Lisbon inayoripoti 04:30, saa kumi na nusu alfajiri, utapewa, na hakuna wa kumlaumu. Epuka zote zikae juu ya Gawa zinazozihusu.

Injini ikishindwa kukufikisha kwenye kima cha chini cha saa za mwezi, inarudi kwenye fomu yako na kuanza kufuta matakwa, ya mwisho kwanza, ikipanda mstari mmoja mmoja mpaka rosta halali ipatikane. Kwa hiyo mstari wa kwanza ndio wa mwisho kuguswa. Watu wengi huandika kwa mpangilio wa kalenda au kwa jinsi walivyokumbuka, kisha wanashangaa harusi ya tarehe 27 imefutwa huku katazo la hoteli wasiyoipenda limeheshimiwa.

Hesabu ndiyo inayoangusha fomu nyingi kuliko ukongwe mdogo. Chukua mwezi wa siku 30, kima cha chini saa 75, cha juu 95. Mtu anapenda mizunguko ya siku 4, kila mmoja saa 18 za malipo. Minne inampa saa 72 kwa siku 16 za kazi. Pungufu ni 3. Dawa rahisi ni safari moja ya siku 1 ya saa 5, anafika 77 na kubaki na siku 13 za mapumziko. Lakini huyu huyu, kwenye mstari wa pili, ameandika Epuka mizunguko ya siku 1. Injini inatafuta wa tano wa siku 4: saa 90, halali kabisa, siku 20 za kazi, mapumziko 10. Na kama siku alizofunga kwa Pumzisha zimetawanyika kiasi kwamba hakuna pengo la siku 4 lililobaki, injini inaanza kufuta mistari kutoka chini. Katazo la siku 1 liko juu, mstari wa pili, kwa hiyo linapona, na yanayokatwa ni matakwa aliyoyathamini zaidi. Programu haitakuonya kuhusu hesabu hii. Inaonyesha mizunguko mingapi inalingana na kila mstari, na kipimo hicho ni kizuri, lakini haikuambii kama jumla ya mistari yako inaweza kuzaa rosta. Hilo ni pengo kubwa kwa programu ya aina hii, na kalamu na karatasi bado ni vifaa vya lazima.

Kipimo chenyewe kitumie vizuri. Mstari ukionyesha mizunguko 300, ni mpana mno. Injini itakupa wowote kati ya hiyo, na kama hujaongeza kigezo cha kupanga ndani yake, haina sababu ya kukuchagulia ulio mzuri. Ukionyesha 2, na juu yako wako watu 400, usiuhesabie kitu. Namba hiyo ni ya mizunguko yote ya kituo kabla ya wakongwe kula.

Tufike kwenye nafasi za kabini, ambako mfumo huu unaonyesha udhaifu wake. Ndege yenye viti 189 inahitaji wahudumu wasiopungua 4, kwa kanuni ya mmoja kwa kila viti 50 au sehemu yake. Hivyo mzunguko mmoja unaonekana kwenye kapu mara nne, kila mara na namba ya nafasi: kiongozi wa kabini mlango wa mbele, wa jikoni nyuma, na wengine wawili. Namba au herufi hutofautiana kati ya shirika na shirika, kwa hiyo kabla ya kuandika chochote fungua jedwali la nafasi la kila aina ya ndege na ulisome hadi mwisho. Nafasi ya 4 ambayo kwenye ndege nyembamba ni ya nyuma yenye jiko, kwenye ndege pana inaweza kuwa katikati ya kabini bila jiko lolote. Mzunguko unaobadilisha ndege siku ya pili utakubadilishia na kazi, ilhali namba kwenye fomu ni ile ile.

Kosa la kawaida ni kuifanya nafasi kuwa sharti kwenye kila mstari. Angalia fomu hii:

1. Pumzisha tarehe 14, 15, 16.
2. Epuka mizunguko inayoripoti kabla ya 06:00.
3. Gawa mizunguko ya siku 3, kulala Lisbon, nafasi ya 4.
4. Gawa mizunguko ya siku 3, nafasi ya 4.
5. Gawa mizunguko yoyote.

Inapendeza kuisoma, lakini kwa mtu wa katikati ya orodha ni mtego. Nafasi za 4 za Lisbon zimekwisha, na za siku 3 kwa jumla zimebaki mbili tatu. Injini inazichukua hizo, kisha inaangukia mstari wa 5, ambako iko huru kumpa safari ya siku 1 au ya siku 4 bila mpango wowote. Lisbon ya nafasi ya 2 ilikuwepo, lakini hakuiomba. Kati ya mstari wa 3 na wa 5 palihitajika ngazi: Lisbon nafasi ya 4, Lisbon nafasi ya 3 au ya 2, Lisbon nafasi yoyote, siku 3 nafasi ya 4, siku 3 nafasi yoyote, na hapo ndipo mizunguko yoyote. Mistari imeongezeka, ndiyo, ila kila mmoja unalegeza kitu kimoja tu. Jiulize kipi unakitaka zaidi, mji au kazi. Anayejali kazi zaidi, mathalani mwenye goti bovu asiyetaka kusukuma toroli nzito, aanze na nafasi na alegeze mji.

Kungekuwa na amri ya kusema "napendelea nafasi hii lakini mzunguko una uzito zaidi", ngazi hizi zisingehitajika. Baadhi ya usanidi una kigezo cha kupanga matokeo kwa nafasi ndani ya mstari mmoja. Kama kwenu kipo, kitumie, kinaokoa nusu ya fomu. Kama hakipo, andika ngazi na uvumilie.

Nafasi ya kiongozi wa kabini na za wazungumzaji wa lugha zina njia yake. Injini huangalia sifa zako kwanza, na mwenye lugha inayotakiwa anaweza kupewa safari ambayo mkongwe wake ameikosa, au kusukumiwa safari ambayo hakuiomba kwa sababu wenye lugha hiyo ni wachache. Sifa iliyokwisha muda kwenye rekodi zako inafuta mstari mzima kimyakimya. Hakiki tarehe za vyeti kabla ya dirisha la maombi kufunguliwa, maana ofisi ya mafunzo haifanyi kazi usiku wa mwisho unapokumbuka.

Kuomba safari pamoja na rafiki kunawezekana, lakini kwa kawaida wawili mnashughulikiwa kwa namba ya aliye mdogo kwa ukongwe. Mkubwa ndiye anayelipa gharama. Afanye hivyo akijua.

Kuna jambo linalowachoma hata wakongwe: tarehe za sikukuu. Injini haitazami fomu yako tu, inatazama pia kama waliobaki chini yako wanatosha kubeba safari za siku hiyo. Ikiona hawatoshi, inamnyima hata mkongwe wa juu kabisa. Hapo ujanja wa mistari hauna msaada. Kinachosaidia kidogo ni kutofunga siku 5 kwa amri moja. Zitenganishe, iliyo muhimu kwanza, kwa sababu siku zilizofungwa pamoja zinaweza kuanguka pamoja.

Ripoti ya sababu, inayotoka pamoja na rosta, ndiyo sehemu yenye thamani kubwa na iliyoandikwa vibaya kuliko zote. Kila mstari unapata alama fupi: umetimizwa, mizunguko imechukuliwa na wakongwe, umegongana na mapumziko ya sheria, umefutwa ili kufikia kima cha chini. Lugha yake ni ya mhandisi, na inakuonyesha sababu ya mwisho tu, si mlolongo wote. Hata hivyo isome mstari kwa mstari. Sababu ikiwa ni wakongwe, mwezi ujao shusha matarajio. Ikiwa ni mgongano au kima cha chini, tatizo liko kwenye fomu yako na linarekebishika.

Kuhusu skrini kuna machache. Kuhifadhi si kutuma. Subiri namba ya uthibitisho na uipige picha. Kuna fomu ya mwezi huu na fomu ya kudumu, na usipotuma ya mwezi, injini inachukua ya kudumu, hata kama uliiandika ukiwa kituo kingine. Kama huna ya kudumu, unapewa mabaki. Muda wa kufunga dirisha mara nyingi huandikwa kwa UTC, saa ya kimataifa, wakati saa za kuripoti ndani ya mizunguko ni za kituo, usizichanganye. Kwenye simu inatosha kwa kusoma na kubadilisha tarehe, lakini kupanga upya mistari kwa kidole ni kazi ya kukera, na mstari unaodondoshwa mahali pasipo pake hauleti onyo lolote. Fomu ndefu iandike kwenye kompyuta.

Anayeanza kazi, ambaye kwa hakika ataangukia stendibai, yaani kukaa tayari kuitwa kazini, asijaze mistari 40 ya Lisbon. Aende moja kwa moja kwenye kundi la maombi ya stendibai, apange siku za mapumziko anazozitaka, kisha achague zamu ya asubuhi au ya jioni. Matakwa hayo ndiyo pekee yenye nafasi ya kutimia kwa namba yake, na kundi hilo ndilo ambalo wageni wengi huliacha tupu.