Zana za MediaWiki za kuzuia spamu: nimezitumia kwenye wiki yetu ya mapishi, haya ndo maoni yangu

Nianze na hukumu kabisa ili mwenye haraka aende zake. Zana za kuzuia spamu zinazokuja na MediaWiki ni nzuri, ni bure na zinafanya kazi, ila ukiisakinisha ile softwea ukaiacha ilivyo bila kugusa setingi utalia. Nyota nne kati ya tano. Hiyo moja niliyowanyima nitaisema huko mbele.

Kwa msioijua, MediaWiki ndo inayoendesha Wikipedia, ipo tangu 2002, na mtu yeyote anaruhusiwa kuishusha akaiweka kwenye seva yake bila kulipa hata senti. Sisi tunaitumia kwa mapishi ya pwani: mmoja anaandika kwao wanapikaje mchuzi wa pweza, mwingine anaweka picha, wa tatu anapunguza chumvi maana aliyeandika wa kwanza alikuwa na mkono mzito. Raha yake yote ni huo uwazi. Sasa tatizo ni kwamba setingi za mwanzo zinamruhusu hata mtu asiye na akaunti kuhariri, yaani ni nyumba umekabidhiwa funguo zote ila milango yote imeachwa wazi, na wezi wanapita kila saa. Wakati wa kusakinisha unaulizwa unataka wiki ya aina gani, ya wazi au ya lazima kujisajili au ya wachache tu, na wengi wetu tunabonyeza endelea endelea bila kusoma.

Basi unaamka unakuta ukurasa wa mkate wa kumimina umegeuka tangazo la kamari la Kiindonesia, "slot gacor" imejaa kuanzia juu mpaka chini, alafu chini yake kuna vidonge vya nguvu za kiume na viatu vya bei rahisi. Na akaunti zao utazijua tu, jina la kizungu limeunganishwa na jina la ukoo na tarakimu mbili tatu mwishoni, alafu ukurasa wa mtumiaji unasema mimi naitwa fulani nina miaka ishirini na ngapi naishi mji fulani napenda kukusanya stempu na kucheza gitaa, na hapo chini linki. Hakuna mtu hapo, ni boti, yaani programu inayojiendesha yenyewe.

Watu huniuliza sasa hawa wanafaidika nini kuharibu ukurasa wa mkate ambao kwa wiki wanausoma watu kumi. Wanachotaka ni ile linki, ili Google ione tovuti yao inatajwa kila mahali iipandishe juu. Ujanja huo Google waliujibu 2005 kwa kuleta alama ya "nofollow" inayosema linki hii usiihesabu, Wikipedia ya Kiingereza ikaiweka kwenye linki zote za nje 2007, na MediaWiki yenyewe inakuja nayo imewashwa tayari. Lakini boti haijali wala haisomi alama, kwake kutupa linki kwenye wiki laki moja ni gharama ileile ya kutupa kwenye moja, kwa hiyo usitegemee nofollow ikusaidie kitu chochote kuhusu uchafu unaoingia kwako.

Twende kwenye zana zenyewe. Ya kwanza ni ConfirmEdit, hii ndo inayoleta kapcha, yaani lile swali la kuthibitisha kwamba wewe ni mtu si boti. Ina aina kadhaa ndani yake. Ile ya hesabu, tano jumlisha tatu, isahau kabisa, boti zinajua hesabu kuliko sisi. Ipo ya Google ya picha, inazuia kweli, lakini jamani, unamtaka bi mkubwa wa Tanga aliyeshika simu yenye kioo kilichopasuka achague picha zenye bomba la zimamoto la Marekani na basi la shule la njano? Anaona ni vitu vya ajabu, anakosea mara mbili, anafunga, na resipi yake ya vitumbua anaondoka nayo. Hiyo kapcha imezuia spamu na imezuia mapishi pia.

Iliyotufaa ni QuestyCaptcha, na kama utachukua kitu kimoja tu kwenye maoni haya chukua hiki. Unaandika maswali yako mwenyewe kwa lugha yako na majibu yake. Sisi tulikuwa na "maji yanayotoka kwenye nazi iliyokunwa na kukamuliwa yanaitwaje", jibu tui. Tukawa na "kifaa cha kukalia ukikuna nazi kinaitwaje", jibu mbuzi. Boti zilizotengenezwa kupiga wiki za dunia nzima hazikuwa na habari kabisa, akaunti za ajabu zikashuka karibu na sifuri, na wapishi wetu wakawa wanacheka wanajibu wanaendelea. Swali moja linaweza kukubali majibu kadhaa, kwa hiyo aliyeandika "mbuzi ya nazi" na aliyeandika "mbuzi wa kukunia" wote wanapita, na herufi kubwa ndogo haisumbui. Ila ujue kuna watu wanalipwa kukaa kujibu kapcha siku nzima, na jibu likishapatikana linahifadhiwa, na siku hizi hizi programu za akili bandia zinajua mpaka tui, kwa hiyo maswali unayabadilisha mara kwa mara. Hayo mawili tumeshayastaafisha, msihangaike kuyajaribu kwetu.

Kitu kimoja kuhusu ConfirmEdit: ikikaa na setingi zake inauliza swali pale mtu anapofungua akaunti, pale anapoongeza linki ya nje, na pale anapokosea nenosiri mara kadhaa, basi. Anayerekebisha neno moja hasumbuliwi. Huo ni mpangilio wenye akili, msiuchezee mkaweka kapcha kwenye kila uhariri, mtabaki wenyewe.

Sasa AbuseFilter. Hii ndo silaha nzito, Wikipedia ya Kiingereza wameitumia tangu 2009 na miaka ya karibuni inakuja ndani ya kifurushi cha MediaWiki, hushushi pembeni. Unaandika masharti, mfano mtumiaji ana uhariri chini ya mitano NA ameongeza linki NA kadha wa kadha, alafu unachagua hatua: kuonya, kukataa, kuweka lebo, kupunguza kasi, au kumfungia kabisa. Na hapa ndo sisi wa lugha ndogo mtandaoni tunapata bahati ambayo wenzetu wa Kiingereza hawana. Kule spamu na makala zote ni Kiingereza, kuzitofautisha ni kazi. Kwetu spamu karibu yote inakuja kwa lugha nyingine, kwa hiyo kichujio chetu kinachofanya kazi kuliko vyote kinauliza tu: mtu mpya ameandika maneno mengi, kuna linki, na hakuna hata "kwa" moja wala "katika" wala "ambayo"? Kataa. Mswahili gani ataandika aya nzima bila "kwa"? Mwanzoni tuliweka na "ya" kwenye orodha, ikawa inavuja kwa sababu Waindonesia nao wanaitumia sana, matangazo ya kamari yakawa yanapita yanatabasamu. Tukaitoa, ikatulia.

Ila AbuseFilter si ya kila mtu. Kuandika yale masharti ni kama programu kabisa, alama moja ukikosea unazuia wiki nzima. Ushauri: kichujio kipya kiache kwanza kirekodi tu bila hatua yoyote, usome kumbukumbu zake uone kinawakamata akina nani, ukiridhika ndo ukiwashe kikatae. Kwetu kilimkamata mtu wa kweli aliyekuwa anaweka majina ya kisayansi ya samaki na linki za kuthibitisha, tukamwona kwenye kumbukumbu mapema kabla hatujawasha.

Nuke na kurejesha sina mengi. Nuke inafuta kwa mkupuo kurasa alizoanzisha mtumiaji mmoja karibuni, kitufe kimoja zimekwenda. Kurejesha kwa mkabidhi, yaani msimamizi wa wiki, kunarudisha hariri zote mfululizo za mtu wa mwisho kwa mguso mmoja, unakuta kazi aliyoifanya yeye dakika kumi wewe umeifuta kwa sekunde. Hii pekee inanifanya niipende wiki kuliko mfumo mwingine wowote wa wazi, maana historia yote ipo na hakuna kitu kinachopotea. Ipo pia skripti, yaani programu fupi, ya upande wa seva inaitwa cleanupSpam.php, unaipa jina la tovuti chafu inapita kurasa zote inazirudisha kwenye toleo la mwisho ambalo halikuwa na linki hiyo. Kwa wiki iliyoachwa mwaka mzima bila mwenyewe hiyo ndo dawa.

Kufungia IP, yaani ile namba inayotambulisha muunganisho wa mtu mtandaoni, hapa niwe mkali kidogo. Sehemu zetu hizi watu wengi wapo kwenye bando za simu na mitandao inawapitisha mamia ya wateja kwenye IP moja. Ukifungia IP moja kwa mwezi kwa sababu ya kijana mmoja mtukutu umefungia na wapishi wa nusu ya mji. Na hili si la wiki ndogo tu, wahariri wengi wa Afrika wamelalamika sana huko Wikimedia, wanaoendesha Wikipedia, kwamba wanakuta wamefungiwa bila kosa kwa sababu ya marufuku ya proksi, yaani seva za katikati zinazoficha IP ya mtu, na ukitumia kivinjari kama Opera Mini ambacho chenyewe kinapitisha kila kitu kwenye seva zao nawe unahesabiwa humo. Kwa hiyo fungia akaunti, IP mpe saa chache tu, na ruhusu mwenye akaunti aliyeingia aendelee, kisanduku cha hilo kipo kwenye fomu ya kufungia ila wengi hawakioni.

Waharibifu binadamu ni kesi nyingine na zana hizi hazisaidii sana dhidi yao. Siku ya dabi ya Kariakoo lazima mtu aingie aandike kwenye ukurasa wa supu ya utumbo kwamba ni chakula cha mashabiki wa upande fulani. Huyo ni wa kurejesha tu na kucheka, usimjibu, anachotafuta ni kujibiwa. Na msichanganye ubishi na uharibifu! Aliyefuta nyanya kwenye pilau akaandika "pilau haiwekwi nyanya" hajaharibu kitu, ana msimamo, mpeleke kwenye ukurasa wa majadiliano akapambane na wenzake huko.

Anayenitisha mimi ni mharibifu wa kimya. 2005 mtu aliandika kwenye Wikipedia ya Kiingereza kwamba mwandishi wa habari John Seigenthaler aliwahi kushukiwa kwenye mauaji ya akina Kennedy, uongo mtupu, na ikakaa zaidi ya miezi minne bila mtu kuiondoa kwa sababu imeandikwa kistaarabu, haina linki, haina tusi. Ndo Desemba ya mwaka huo wakawazuia wasio na akaunti kuanzisha kurasa mpya. Kwenye mapishi mtu kama huyo anabadilisha "chemsha dakika arobaini" kuwa "dakika nne" kwenye muhogo mchungu, na muhogo mchungu usipoandaliwa vizuri una sumu, hilo sio utani tena. Hakuna kichujio kitakachokwambia hilo, ni mtu anayejua kupika akae asome Mabadiliko ya karibuni, ule ukurasa unaoorodhesha hariri mpya zote. Kurasa za namna hiyo sisi tumezilinda kabisa.

Nyota iliyokatwa sasa. Kwanza, akaunti za boti ukishaziacha zikaingia huwezi kuzifuta kwa kitufe, MediaWiki haifuti watumiaji, na kurasa ulizofuta nazo zinabaki kwenye hifadhidata mpaka uendeshe skripti nyingine, kwa hiyo hostingi ya bei poa inajaa kwa takataka usizoziona. Pili, zana nzuri karibu zote zimezimwa mpaka uandike mistari kwenye faili la setingi, LocalSettings.php, na maelezo yake yamejaa Kiingereza cha mafundi. Tatu, hata ile hadhi ya mtumiaji aliyethibitishwa, ambayo Wikipedia ya Kiingereza unaipata baada ya siku 4 na uhariri 10, kwenye wiki mpya imewekwa sifuri, maana yake boti inathibitishwa papo hapo. Ilikuwa ngumu gani kuweka hata siku moja?

Na msije mkajilinganisha na Wikipedia yenyewe mkavunjika moyo. Ile ya Kiingereza ina ClueBot NG tangu 2010, boti inayojifunza kutambua uharibifu na kuurejesha ndani ya sekunde, na wikipedia ndogo kama ya Kiswahili, iliyoanza 2003, zina watu wa kujitolea kutoka lugha nyingine wanaozungukia wiki ndogo kufagia pamoja na wasimamizi wa dunia nzima wanaoweza kumfungia mtu kote kwa mara moja. Wiki yako ya pembeni haina mtu zaidi yako.

Kwa hiyo nani achukue? Mwenye jamii ya watu wanaoandika kweli na angalau wakabidhi wawili watatu wenye zamu, chukua bila kufikiri, washa QuestyCaptcha na AbuseFilter kabla hujatangaza anwani popote. Wiki ya ukoo au ya kwaya ya kanisa, funga uhariri wa wasio na akaunti na usajili ufungue wewe mwenyewe kwa mkono, humo kwenye LocalSettings.php ni mistari miwili tu, na hizo zana nyingine zote nilizozitaja hutazihitaji.