Nyongeza za Sublime Text: Kabla ya Kulipia, Angalia Mkia

Malalamiko ya wasomaji kuhusu nyongeza za Sublime Text, kihariri cha kuandikia programu, yamefanana mno safari hii. Mmoja ni mwanafunzi wa Mwanza: "Dada, nimepakua nyongeza ndogo kabisa, ya KB tu, bando la wiki limekwisha sijaandika hata mstari." Mwingine anatengeneza tovuti Mombasa. Alikuwa amekaa na mteja, mtandao ukakata, na kihariri chake kikagoma kumwonyesha makosa kwa sababu kulikuwa na kitu ambacho hakijamaliza kupakuliwa. Wote wawili walifuata zile orodha za "nyongeza 10 bora" zinazopangwa kwa idadi ya watu waliozipakua.

Mimi sipangi hivyo. Muonekano, rangi, wingi wa nyota, hayo utayaona mwenyewe ukishaifungua. Ninachopima ni kimoja: nyongeza ikishakaa kwenye mashine, inaagiza nini kingine? Huo nauita mkia, na sijaona orodha inayoutaja.

Nyongeza ya Sublime Text kwa kawaida ni faili moja la zip ambalo jina lake linaishia na .sublime-package. Ukiliweka ndani ya folda ya Installed Packages, kazi imekwisha, hata kama umeletewa kwa flashi na hujawasha data. Wengi wetu hatufanyi hivyo, tunapitia Package Control, chombo cha kutafuta na kusakinisha nyongeza ukiwa ndani ya Sublime, ile aliyoianzisha Will Bond. Ni chombo kizuri, lakini kwenye orodha yake utaona jina, maelezo mafupi na namba ya toleo. Mkia hauonyeshwi.

Chukua nyongeza za kukagua makosa kama LSP-pyright ya lugha ya Python, au LSP-typescript. Yenyewe ni nyepesi, kwa sababu ni daraja tu. Kazi ya kusoma programu yako na kukuonyesha makosa inafanywa na seva ya lugha, na seva hiyo haimo ndani ya nyongeza. Unapofungua faili la Python kwa mara ya kwanza, ndipo inakwenda kuichukua kwa npm, kisakinishi cha vifurushi vya JavaScript. Mashine yako ikiwa haina Node.js inayofaa (programu ya kuendeshea JavaScript nje ya kivinjari), unaulizwa kama iletwe nayo. Ukibofya ndiyo bila kusoma, kama watu wote wanavyobofya, KB zimeshageuka makumi ya MB. Walioziandika hawajamdanganya mtu, maelezo yapo kwenye ukurasa wa mradi. Ila nani anafungua ukurasa wa mradi saa tano usiku na kazi inatakiwa asubuhi?

Kuna mkia mwingine usio na kelele. Package Control imewekwa tangu kiwandani ijisasishie nyongeza zenyewe kila unapofungua kihariri. Ingia kwenye mipangilio yake, andika "auto_upgrade": false, hifadhi. Usasishe siku unayotaka wewe, ukiwa kwenye Wi-Fi ya chuo au ya ofisi.

Sasa mpangilio wangu, na nasema wazi kwamba mimi ni mtu wa Sublime. Anayetafuta hakimu asiye na upande amepotea njia.

1. LSP yenyewe, bila wasaidizi wake kama LSP-pyright. LSP ni utaratibu wa kihariri kuzungumza na seva ya lugha. Nyongeza ya msingi ya LSP haikuletei seva yoyote, na watu huhesabu hilo kuwa kasoro. Kwangu ndiyo sifa yake. Unasakinisha seva mwenyewe, kwa mfano pip install python-lsp-server (pip ni kisakinishi cha vifurushi vya Python), kisha kwenye mipangilio ya LSP unaeleza kuwa amri ni pylsp na lugha ni Python. Ukiwa mwandishi wa C kwenye Ubuntu, seva yake, clangd, inapatikana kwa apt, kisakinishi cha Ubuntu. Unajua unapakua nini, saa ngapi, kwa bando la nani. Na vifurushi vya pip unaweza kuvipakua mara moja kwa pip download ukawagawia wenzako wote darasani kwa flashi. Usumbufu upo, mara ya kwanza utahangaika na mabano ya mipangilio. Hangaika tu.

2. SFTP, nayo pia ni kazi ya Will Bond. Inapeleka mafaili yako kwenye seva ya tovuti. Hii ni ya kulipia, na naipa nafasi ya pili bila haya. Kwa mtu anayehudumia tovuti za wateja kwenye seva za kukodi, ukiweka "upload_on_save": true, kinachosafiri ni lile faili ulilohifadhi. Hufungui programu nyingine, huburuti folda zima kwa bahati mbaya ukafuta picha za mteja. Unaweza kuijaribu kabla ya kulipa, itakukumbusha mara kwa mara kuwa hujalipa, na ni haki yake. Tahadhari yangu moja: nywila ya seva usiiache wazi ndani ya faili la mipangilio la mradi, hasa kama mradi huo unaupeleka GitHub. Tumia ufunguo wa SSH, yaani faili la siri linalokutambulisha kwa seva badala ya nywila.

3. GitGutter. Inakuwekea alama pembeni ya kila mstari ulioongezwa, uliobadilishwa au uliofutwa. Inatumia Git, chombo cha kutunza historia ya mabadiliko, iliyopo kwenye mashine yako na haihitaji mtandao. Mkia hauna.

4. SublimeLinter. Inakuonyesha makosa ya programu yako. Nzuri, lakini ina hatua tatu: mfumo wenyewe, halafu kiunganishi cha kila lugha, kisha bado uwe na mkaguzi kama flake8 ya Python. Ukishakuwa na LSP, sioni sababu ya kuihangaikia.

Emmet (ya kuandika HTML kwa vifupisho) na BracketHighlighter (ya kuonyesha jozi za mabano) ni za bure, ziweke uendelee na maisha.

Wanaoandika Kiswahili wananiuliza nyongeza ya tahajia. Msinunue wala msipakue nyongeza. Sublime inasoma kamusi za Hunspell, mfumo wa kukagua tahajia, na LibreOffice wanayo ya Kiswahili, sw_TZ. Chukua mafaili mawili, la .aff na la .dic, hakikisha yamehifadhiwa kwa UTF-8, yaweke kwenye folda ndani ya Packages, kisha ichague kwenye View, Dictionary. Usitegemee maajabu: kitenzi kikibeba viambishi vingi, kamusi inaweza kukipigia mstari mwekundu hata kikiwa sahihi. Lakini ni afadhali kuliko ukurasa mzima wa Kiswahili kuvuja damu kwa sababu kamusi ni ya Kiingereza.

VS Code, kihariri cha Microsoft? Ni ya bure, na najua darasa lako zima wanaitumia. Huko nako mikia ipo, na wasaidizi wa AI kama GitHub Copilot hawafanyi kazi bila mtandao. Sina zaidi ya kusema.

Turudi kwenye hela. Leseni ya mtu mmoja ya Sublime Text ni dola 99. Kwa shilingi ya Tanzania ni karibu robo milioni, ikitegemea dola imeamkaje. Kampuni ipo Sydney, Australia, na bei ya mtu wa Sydney ndiyo bei ya mtu wa Singida. Hilo linaniudhi, na nitaendelea kuudhika huku nikiitumia. Angalau unalipa mara moja, unapata matoleo mapya kwa miaka mitatu, na baadaye toleo ulilonalo linabaki lako. Leseni hiyo hiyo inakubali kompyuta zako zote, iwe Windows, Mac au Linux. Linganisha na hawa wa kila mwezi, ambao kadi ikikosa salio tarehe moja tu, asubuhi unakuta vitufe vimezimwa.

Wanaonikera zaidi wako hapa hapa nyumbani. Kuna vijana kwenye magrupu wanauza namba za leseni kwa bei ya chipsi kuku, namba moja kwa watu mia, na ikifungiwa wanakublock. Na kuna maduka yanamtoza mwanafunzi "kuwekewa Sublime full", wakati programu yenyewe inapakuliwa bure kwenye tovuti rasmi na kujaribiwa bila kikomo cha muda, kero ikiwa ni kidirisha tu cha kukukumbusha kununua unapohifadhi faili. Kama umeshatozwa, rudi ukaombe leseni iliyoandikwa jina lako. Leseni halali ina jina la mnunuzi juu, chini tu ya mstari wa BEGIN LICENSE. Ukikuta jina la mtu usiyemjua, dai pesa yako.