Diani ama Watamu na watoto? Vile mimi nazipanga, namba moja hadi tano

Kila shule zikikaribia kufunga naulizwa swali lile lile, tupeleke watoto Diani ama Watamu huko pwani ya Kenya, na mimi huuliza kwanza watoto wana miaka mingapi na mnasafiri na nini. Kwa picha huwezi chagua, juu kila mahali ni mchanga mweupe na maji ya samawati. Kitu itafanya likizo iende poa ama iwashinde ni njia ya kufika na maji ya bahari yanatoka saa ngapi. Kote nimeenda na wangu watatu, tangu mdogo akiwa wa kubebwa mgongoni, kwa hivyo nawapangia venye naona.

Namba 1: Diani, kama una mtoto wa chini ya miaka saba hivi

Sababu kubwa ni kufika. Ukipanda treni ya SGR kutoka Nairobi unashuka Miritini, na siku hizi barabara ya Dongo Kundu inaanzia huko huko, inakupitisha kwa madaraja hadi upande wa Kwale bila kuingia kisiwa cha Mombasa na bila kuona feri ya Likoni kabisa. Mwenye alishawahi kukaa foleni ya Likoni masaa mawili na mtoto analia na jasho na maziwa imeharibika kwa chupa anajua hiyo ni baraka ya aina gani. Wenye bajeti ya ndege wanatua Ukunda, na hapo hoteli ni kama dakika kumi tu na tuktuk.

Tiketi ya treni tangu Januari 2024 ni 1,500 ya kawaida na 4,500 daraja la kwanza, watoto wa miaka 3 hadi 11 nusu bei, chini ya hapo bure. Tafadhali chukua ile ya saa mbili asubuhi ata kama inasimama simama njiani. Ya saa tisa mchana inakufikisha usiku, na bado una safari ya barabara mbele, mtoto amelala begani, masanduku manne, na dereva wa teksi anakutajia bei akiona kabisa huna nguvu ya kubishana.

Alafu kuna ule mchanga wenyewe. Diani ni laini kama unga, mtoto anakaa chini siku nzima na hapati mkwaruzo, na mwamba ulio mbali huko baharini unavunja mawimbi kabla hayajafika, kwa hivyo maji ya karibu yanatulia. Ukunda iko hapo nyuma na supamaketi, duka la dawa na hospitali, na ukiwa na mtoto wa kupandisha homa usiku hiyo si kitu ndogo.

Wangu wanapenda mbega kuliko ata bahari. Kuna shirika la kuwalinda hapo tangu 1997, limefunga ngazi za kamba juu ya barabara ndo wavuke bila kugongwa, na ukikaa chini yake asubuhi mapema unawaona wakipita mmoja mmoja na watoto wao wameshikilia tumboni. Wale wa kuchunga ni kima. Siku ya pili tu kima aliingia kwa veranda, akachukua mkate mzima mbele ya kijana wangu, akapanda nao mwembe akaanza kuutoa vipande vipande bila haraka. Fungeni madirisha, na msiwalishe.

Kitu inachosha Diani ni vijana wa bichi, kila dakika tano boti, ngamia, kikoi. Dawa yake ni salamu. Msalimie mtu vizuri, ongea kama binadamu, kataa mara moja kwa heshima, na ukitaka kitu nunua kwa mmoja siku zote, ata wale wengine watajua wewe ni mgeni wa fulani.

Safari ya kisiwa cha Wasini na hifadhi ya bahari ya Kisite ni tamu lakini ni siku nzima kwa boti na jua, mtoto wa miaka mitatu atawalilia wote. Na wadogo heri hifadhi ya wanyama ya Shimba Hills, iko karibu, na palahala, wale swala wakubwa wa pembe ndefu, kwa Kenya nzima wamebaki hapo tu.

Namba 2: Watamu, lakini inapanda ya kwanza watoto wakifika miaka minane

Mtoto mkubwa Diani siku ya nne anaanza kuuliza tutafanya nini leo. Watamu hatakuuliza, na karibu kila kitu ni mwendo wa tuktuk. Magofu ya Gede yako pale pale kwa njia panda, mji mzima wa mawe ndani ya msitu, na tangu 2024 ni urithi wa dunia wa UNESCO. Peleka watoto waone vile watu wa zamani walijenga visima na vyoo, wangu walibishana kuhusu hivyo vyoo hadi usiku. Mradi wa Kipepeo uko hapo hapo, wanalea vipepeo. Msitu wa Arabuko-Sokoke uko karibu, nenda alfajiri na mtu wa kuwaongoza, mnaweza bahatika kuona sengi, yule mnyama mdogo wa pua ndefu mwenye mgongo wa dhahabu. Kuna watu wa kutibu kasa, kuna daraja la mbao ndani ya mikoko ya Mida, na bahari yenyewe ni hifadhi tangu 1968, unaingia na boti ya kioo chini. Malipo ya hifadhi ni kwa eCitizen, fanyeni nyumbani mkiwa na intaneti nzuri.

Shida ni njia. Kutoka Mombasa unapita Mtwapa na jam ya Mtwapa haina huruma, alafu Kilifi, alafu Gede. Mwenye anaendesha kutoka Nairobi asiingie Mombasa, akate kona Mariakani apite Kaloleni atokee Mavueni, ni lami, na inakutoa karibu na daraja la Kilifi. Na hospitali kubwa iko Malindi, kwa hivyo beba dawa zako.

Sasa maji

Hii ndo watu hawaangalii. Siku za bamvu, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, pwani yetu maji hutoka mbali kama saa nne, saa tano asubuhi, na hujaa saa kumi, kumi na moja jioni. Siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, inageuka, asubuhi ya katikati yamejaa na hayatoki sana. Kila siku saa inasogea karibu dakika hamsini. Watamu wakati wa bamvu bahari inaacha mafungu ya mchanga na vidimbwi, mkubwa anazunguka masaa na viatu vya mpira akitafuta kaa (viatu lazima, kuna wadudu wa miiba), lakini mdogo utambeba juani hadi mkono ufe ganzi ndo afike mahali pa kuogelea. Kabla hujalipa angalia kalenda ya mwezi. Kama mnataka kuogelea asubuhi, chagua wiki ya maji mafu.

Zile zingine

Namba 3 Tiwi, jirani wa Diani, kimya, nyumba za kupanga zenye mpishi, samaki unanunua kwa mvuvi akishuka. Lazima muwe na gari. Namba 4 Nyali na Bamburi, zinafaa kama mna siku tatu tu, lakini zimejaa. Namba 5 Malindi, na siipunguzii heshima, mji una historia na chakula kizuri, ila kuanzia Novemba hadi Machi upepo wa kaskazi unasukuma matope ya mto Sabaki hadi ufuoni na maji yanakuwa ya kahawia.

Wakati: Agosti kuna kusi, upepo mwingi, mawimbi, lakini hakuna joto kali na Watamu mnaweza ona nyangumi. Aprili bei zinashuka juu ya masika, mkienda mjue mvua ipo. Desemba lipieni mapema sana.

Na diposti usitume haraka. Mwaka jana tulichukua nyumba iliyoandikwa iko mbele ya bahari, na kweli bahari ilikuwa mbele, lakini jioni ya bamvu maji yalikuja hadi kwa ukuta, hakukubaki mchanga wa kukanyaga, watoto walikaa juu ya ngazi na ndoo zao wakingoja. Siku hizi namwambia mwenye nyumba anitumie video ya bichi yake iliyochukuliwa saa kumi na moja jioni mwezi ukiwa mpevu, na akikosa kuituma natafuta nyingine.