"Atasaini tu": uzoefu wangu na huduma ya kuajiri na kufuatilia sheria za kazi

Nilikusudia kuipa huduma hii nyota nne. Nimeshuka hadi mbili, na hata hizo mbili nazitoa kwa kusita. Sababu ni maneno mawili niliyoambiwa na mtu wa huduma kwa wateja: "Atasaini tu."

Huduma zenyewe siku hizi zimejaa. Unalipia kwa mwezi, wanakutafutia wafanyakazi, wanaandaa mikataba ya ajira ndani ya programu yao, na wanaahidi kufuatilia sheria za kazi ili mwajiri asipitwe. Ahadi ya tatu ndiyo inayomvuta mtu. Kima cha chini cha mshahara hupanda katikati ya mwaka, kanuni za likizo ya ugonjwa huongezwa, kazi hupungua mwezi huu na kufurika mwezi ujao. Mwaka 2020 waajiri walishuhudia kanuni zikitolewa wiki hii na kurekebishwa wiki inayofuata. Tangu hapo hakuna anayeweza kusema ataisoma sheria mara moja kwa mwaka ikatosha.

Sasa kilichoharibika. Kima cha chini kilipanda. Waraka wao ulifika mapema, umeandikwa kwa lugha nyepesi, tarehe ya kuanza kutumika imewekwa juu kabisa. Kiolezo mama cha mkataba nacho kilibadilishwa siku hiyohiyo. Hadi hapo sina lawama. Tatizo ni kwamba programu yao, kila unapofungua faili la nafasi ya kazi, hunakili kiolezo kilichopo siku ile, na baada ya hapo nakala haina tena uhusiano na mama yake. Ukifungua faili leo, ukatangaza, ukasaili, ukapata watu baada ya wiki sita, mkataba utakaotoka ni wa wiki sita zilizopita. Hakuna onyo wala alama yoyote. Ukienda kwenye orodha ya violezo unaliona toleo jipya, unaridhika, kumbe kinachokwenda kusainiwa ni kile cha zamani. Namba ya toleo ipo chini ya ukurasa wa mwisho, kwa herufi za kijivu ambazo zikichapishwa hazisomeki.

Watu saba walisaini mikataba yenye kiwango cha zamani. Iligundulika wiki tano baadaye, wakati wa kuandaa mishahara.

Asiyeifanya kazi hii atadhani ni tarakimu moja ya kusahihisha. Kiwango cha msingi ni shina, na mengine yote yameota juu yake. Chukua mfano wa hesabu tupu: kiwango cha zamani ni 100 kwa saa, kipya ni 112. Kwa wiki ya saa 48, kila mtu amepunjwa 576. Akifanya saa 10 za ziada zinazolipwa mara moja na robo, ambacho ndicho kiwango cha chini kilichowekwa na Mkataba Na. 1 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1919, punjo la kila saa ni 15, jumla 150. Kwa hiyo ni 726 kwa wiki kwa mtu mmoja. Watu saba kwa wiki tano, 25,410. Hapo hujagusa michango ya hifadhi ya jamii, ambayo nayo imewasilishwa pungufu, wala malipo ya likizo yatakayokokotolewa kwa msingi uleule mbovu. Na mwajiri hawezi kujitetea kwamba mfanyakazi alikubali. Mkataba Na. 131 wa shirika hilohilo, wa mwaka 1970, unasema wazi kuwa viwango vya chini vina nguvu ya sheria na havipunguzwi. Saini ya mfanyakazi haifuti kima cha chini.

Nikapiga simu. Nilichotaka ni vitu viwili: orodha ya mafaili yote yaliyo wazi yenye kiolezo cha zamani, na maandishi ya nyongeza ya mkataba. Jibu la kwanza lilikuwa kwamba waraka ulitumwa, tulipaswa kuusoma. Waraka tuliusoma. Ni mashine yao ambayo haikuusoma. Jibu la pili ndilo lililonitoa jasho: "Futeni ule mkataba wa zamani kwenye mfumo, toeni mpya wenye tarehe ya leo. Atasaini tu."

Nataka kila anayeshika mikataba ya watu aelewe ubaya wa ushauri huo. Mkataba mpya wenye tarehe ya leo unakata utumishi vipande viwili. Kipindi cha majaribio kinaanza upya. Siku za likizo zilizokwisha kulimbikizwa zinapotea kwenye mfumo. Malimbikizo ya wiki tano hayana tena mkataba wa kuyashikilia, na anayekagua akiukuta mkataba umeanza leo huku karatasi za mahudhurio zinaonyesha mtu yupo kazini tangu wiki tano nyuma, atauliza swali moja tu: hizo wiki tano alikuwa nani? Pendekezo Na. 198 la mwaka 2006 la shirika hilohilo linaelekeza kwamba uhusiano wa ajira upimwe kwanza kwa hali halisi ya kazi na malipo, si kwa jina lililoandikwa kwenye karatasi. Tarehe mpya haibadilishi siku mtu aliyoanza kazi. Na neno "tu" limebeba dharau nzima: kwamba anayehitaji kazi hana budi, kwa hiyo mpe chochote.

Njia sahihi ni ndefu kidogo lakini haina ugumu. Kwanza, simamisha mikataba yote ambayo haijasainiwa. Kisha kwa kila aliyesaini andika nyongeza ya mkataba, ukurasa mmoja, inayotaja kifungu kinachobadilika, kiwango cha zamani, kiwango kipya, na tarehe ya kuanza kutumika. Tarehe hiyo ni ile ya sheria, au siku ya kuanza kazi kama alianza baada ya sheria. Kamwe isiwe siku ya kusaini nyongeza. Mkataba wa awali ubaki kwenye faili kama ulivyo. Malimbikizo yalipwe kwa mstari wake kwenye hati ya mshahara, yakitajwa ni ya wiki zipi, yasichanganywe na mshahara wa mwezi, maana yakichanganywa mfanyakazi hawezi kuhakiki na mwezi ujao ataona mshahara "umeshuka". Michango irekebishwe kwa mwezi husika. Mwisho, mweleze mfanyakazi ana kwa ana kilichotokea kabla hajapewa kalamu.

Huduma inayojitangaza kuwa mlinzi wa sheria ilipaswa kunifundisha mimi haya.

Lakini haki isemwe. Upande wa kutafuta watu, hawa jamaa ni hodari kuliko wengi niliowaona. Tangazo lao huanza na kazi zenyewe zitakazofanywa, halafu sifa, na sifa isiyohusiana na kazi huiondoa hata mwajiri akiing'ang'ania. Kwenye usaili, waombaji wote huulizwa maswali yaleyale kwa mpangilio uleule, na kila msaili huandika alama kuanzia 1 hadi 5 kabla wasaili hawajazungumza. Hilo la mwisho wengi hulipuuza, na ndipo mwenye sauti kubwa mezani anapoamua peke yake. Kuna pia jaribio la dakika 40 la kazi halisi. Hawamtozi mwombaji chochote, kama Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1997 unavyotaka kwa mawakala binafsi wa ajira, na wakimgundua dalali anayetoza kwa jina lao humkata mara moja. Kwa mikataba ya muda maalumu, ambayo nyakati za mashaka ndiyo inayotumika mno, wanatuma kikumbusho siku 30 kabla ya kuisha, kikiwa na hesabu ya mara ngapi mtu huyo ameongezewa muda. Kikumbusho hicho kinaokoa, kwa sababu nchi nyingi humhesabu mtu kuwa wa kudumu akiongezewa mfululizo kupita kiasi.

Nikiyaandika haya najikuta narudi kwenye nyota tatu. Halafu nakumbuka wale saba. Walichaguliwa kwa uangalifu wote huo, wakapimwa kwa haki, na hatua ya mwisho kabisa, karatasi inayowalinda, ikatoka mbovu, na aliyepaswa kuirekebisha akasema watasaini tu. Mbili zinabaki.

Kwa sasa natumia sehemu ya kutafuta watu peke yake. Mikataba naiandaa nje ya programu, na faili la nafasi halifunguliwi hadi nimeandika namba ya toleo la kiolezo kwenye daftari; siku ya kutoa mkataba nalinganisha. Asiyetaka usumbufu huo anaweza kufunga faili na kulifungua upya kabla tu ya kutoa mikataba, ila ajue maoni ya wasaili hayahamishwi, ayapakue kwanza.

Juzi wametuma ujumbe kwamba alama nyekundu sasa hutokea kwenye faili lililo wazi kiolezo mama kinapobadilika. Nimeijaribu. Kwenye mkataba inatokea. Kwenye barua ya ofa, ambayo ndiyo mwombaji huisoma kwanza na ndiyo yenye mshahara, bado haitokei.