Dependabot kwenye mfumo wetu wa mizani ya zabibu: uzoefu wangu

Ninatunza mfumo mdogo wa Java wa kikundi cha wakulima wa zabibu Hombolo. Karani anapima kreti, mfumo unatoa stakabadhi, mkulima analipwa. Zamani maktaba za mfumo, yaani vipande vya programu vilivyoandikwa na wengine, nilizikagua kwa mkono, nikipata nafasi. Log4Shell, kasoro ya usalama katika Log4j (maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu za mfumo), ilipotangazwa Desemba 2021, niliogopa kweli.

Kasoro ile, CVE-2021-44228, ilipewa alama 10 kati ya 10 kwa ukali. Mtu wa mbali akituma maandishi fulani, Log4j ikayaandika kwenye kumbukumbu za mfumo, anaweza kuendesha programu yake ndani ya seva yako. Nilifungua pom.xml, faili linaloorodhesha maktaba za mfumo, Log4j haimo, nikashusha pumzi. Kumbe ilikuwa imeingia kwa mgongo wa maktaba nyingine niliyoiweka kwa ajili ya ripoti! Nikapandisha hadi 2.15.0. Haikutosha: ikaja 2.16.0, halafu 2.17.0, na 2.17.1 kabla mwezi haujaisha. Kila mara ni mimi chumbani Nkuhungu usiku, bando linayeyuka.

Baada ya hapo niliwasha Dependabot, roboti inayokagua kama maktaba zako zina matoleo mapya, ambayo GitHub (tovuti ninakohifadhi programu yangu) waliinunua 2019 na kuifanya ya bure. Unaweka faili la dependabot.yml ndani ya folda ya .github, basi. Yangu inakagua kila Jumatatu saa moja asubuhi (saa za eneo andika Africa/Dar_es_Salaam, usipoandika inahesabu kwa UTC). Ikikuta toleo jipya inaandaa ombi la mabadiliko, nililikubali linaingia kwenye mfumo, pamoja na maelezo ya kilichobadilika. Kazi hiyo inafanyika kwenye seva zao, bando langu haliguswi. Marekebisho ya usalama hayangoji Jumatatu.

Wenzangu wa Java, sikieni hili: pom.xml inaonyesha zile tu ulizoziandika mwenyewe. Washa pia huduma ya kuwasilisha orodha kamili ya tegemezi (maktaba zote ambazo mfumo unazitegemea), ndipo zile za ndani kabisa, kama Log4j yangu, zionekane. Wanaoandika JavaScript na kutumia faili la package-lock.json hawana shida hiyo, kila kitu kimo humo.

Kosa nililofanya ni kukubali kila ombi. Toleo jipya la maktaba ya kutengeneza PDF lilibadilisha majina ya amri, nami sikuwa na majaribio hata moja. Kesho yake karani akapiga: "Kaka, stakabadhi hazitoki, na wazee wamepanga foleni." Iliniuma, maana kwa mkulima stakabadhi ndiyo hela yake. Siku hizi majaribio yanapima kreti ya mfano na kutoa stakabadhi kabla sijakubali chochote, na mabadiliko madogo nimeyaunganisha yaje kwa ombi moja.

Jumatatu hii yamekuja maombi mawili. La usalama limeingia kabla ya chai. La pili ni la toleo kuu jipya, linaloweza kuvunja kitu, nimeliacha hadi mavuno ya Agosti na Septemba yapite.